Sonara wa Mkomani anayepima riale mbele ya macho yako

Kama una riale, zile sarafu kubwa za fedha, za bibi zako ndani ya kasha na unataka kujua zina thamani gani, zipeleke kwanza kwa sonara mmoja mzee aliye Mkomani, hapa Lamu, kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Nasema hivi kwa sababu nimeona mara nyingi mno mtu akiingia dukani na mkufu wa mamake, mwenye duka akauinua kwa kiganja, akataja bei, na shughuli ikaishia hapo. Mkufu ukaenda, na aliyeuza hakujua kama ameuza fedha, ameuza sarafu, au ameuza vyote viwili kwa bei ya kimoja.

Mimi ni mtu wa Langoni, mtaa mwingine wa mji huu, na katika ukoo wetu ndimi ninayeitwa vyombo vya wanawake vinapogawanywa. Safari hii ilikuwa mali ya bibi yetu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndani ya kasha lake tulikuta bangili za kekee, vipuli, na furushi la kanga lililopigwa fundo: riale, rupia na shilingi za simba zimechanganyika. Baadhi ya riale zilikuwa zimetiwa vitanzi, maana zilivaliwa shingoni. Mafungu ya mirathi yana hesabu yake katika sheria, lakini hesabu hiyo haianzi mpaka mali ijulikane ni kiasi gani, na ndugu zangu walikuwa wamekwisha kupewa bei za kila namna na watu waliotazama kwa macho tu.

Duka lenyewe ni chumba kimoja. Ukiwa Mkunguni, mbele ya Ngome, shika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kuelekea kaskazini, uyapite maduka ya kanga na ya vinyago, kisha uingie vichochoroni upande wa bara. Kibao hakuna. Muulize yeyote alipo sonara mzee, au sikiliza nyundo. Ndani kuna fuawe, tupa, koleo, kijitanuri chake, na kabati la kioo lenye pete na mikufu ya kuuza. Viti ni viwili na kimoja ni chake, kwa hiyo usiende na kundi.

Nilimkuta anafua kikuku.

"Sabalkheri mzee."

"Sabalkheri mwanangu. Umezisugua?"

"La, ziko kama tulivyozikuta."

"Vyema. Basi keti."

Hilo ndilo swali lake la kwanza kwa kila anayeingia na sarafu, na ni swali la haki. Sisi tumelelewa kusugua fedha kwa majivu na ndimu, au kwa ukwaju, mpaka ing'ae. Kwa kikuku cha kuvaa hakuna ubaya. Kwa sarafu ya kale, ule weusi uliokaa juu yake miaka na miaka ndio unaomwambia mkusanyaji kwamba haijaguswa, na ukisugua unaacha mikwaruzo midogo ambayo kwenye lenzi inaonekana waziwazi. Sarafu iliyosuguliwa hushuka bei mara moja, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kilichonifanya nimwamini ni mzani. Ni mzani wa kidijitali unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na ameuweka namba zikikutazama wewe, siyo yeye. Kabla ya kupima chako anaweka jiwe la gramu 50, mnasoma pamoja, ndipo anaanza. Kwingine kote Lamu nilikopita mzani uko nyuma ya meza, na mwenye duka ndiye anayekusomea.

Riale ya kwanza ilisoma 28.02. Akaitoa, akanipa lenzi, akaniambia nitazame mwenyewe. Nimezishika riale tangu utotoni na sikuwahi kuitazama hata moja namna hiyo. Upande mmoja ni yule mama mwenye ushungi, uso umelekea kulia, kifua kimejaa, na begani ana kifungo cha vito kilichozungukwa na lulu. Lulu zile huhesabiwa. Kwenye riale iliyofuliwa vizuri ni 9, na sonara alizihesabu kwa ncha ya sindano bila kugusa fedha. Upande wa pili ni tai mwenye vichwa viwili na ngao kifuani, na mwishoni mwa namba za mwaka, 1780, kuna alama kama X. Kisha akaisimamisha kwa ubavu, akaizungusha taratibu chini ya taa: ukingo mzima umeandikwa Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, maneno yametengwa kwa mapambo. Maandishi hayo yalikuwa na kazi. Zamani za sarafu za fedha palikuwa na watu waliozikata kingo kidogokidogo wakakusanya vumbi la fedha, halafu wakailipa sarafu kana kwamba ni nzima. Ukingo ulioandikwa ukikwanguliwa unajulikana papo hapo.

Yule mama ni Maria Theresa, aliyetawala Austria, Hungary na Bohemia tangu 1740 hadi alipofariki tarehe 29 Novemba 1780. Ushungi ni wa ujane, maana mumewe Francis alikufa mwaka 1765 na tangu hapo hakuacha kumwombolezea. Alipokufa yeye, sarafu yake haikufa. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni walikuwa wamekwisha kuizoea sura ile, uzito ule na ukingo ule, na walikataa nyingine. Kwa hiyo iliendelea kufuliwa kwa sura ileile na mwaka uleule wa 1780. Mwaka 1858 ikaacha kuwa pesa halali huko kwao Austria. Habeshi, yaani Ethiopia, na Yemen iliendelea kununua na kuuza, na Yemen ilitumika hadi miaka ya 1960.

Hapa kwetu iliingia kwa majahazi. Yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni, yakarudi na kusi yamepakia boriti za mikoko, pembe na ngozi, na riale ndiyo iliyolipa. Wazee walizijua kwa majina yake: hii riale ya Sham, na ile ya mzinga, ya Wahispania, yenye nguzo mbili. Mahari ilitajwa kwa riale. Mwenye riale nyingi kuliko matumizi yake alimpelekea sonara akafuliwa kikuku au kekee, na siku ya shida kikuku kiliweza kuuzwa kwa uzito. Ndiyo sababu fedha nyingi ya kale ya Lamu, ukiiuliza ilikotoka, ilikuwa riale.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea kuhusu bei. Mtu anaona 1780, anafanya hesabu, anapata zaidi ya miaka 240, anadhani ameshika hazina. Lakini riale yenye 1780 inaweza kuwa imefuliwa wakati wowote tangu hapo. Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, akijiandaa kuivamia Habeshi, alipata kutoka Austria ruhusa ya kuifua Roma. Waingereza wakaanza kuifua London mwaka 1936 ili biashara yao ya Bahari ya Shamu isikwame. Paris, Brussels, Bombay na Birmingham nazo zilifua kwa nyakati zao. Vienna inaifua mpaka leo, inang'aa, kwa ajili ya wakusanyaji. Zimefuliwa mamia ya mamilioni. Riale ya bibi yangu huenda ilitoka kiwandani yeye mwenyewe akiwa msichana.

Kwa hiyo thamani ya chini ya riale ni fedha iliyo ndani yake, na hesabu hiyo kila mtu aijue kabla hajatoka nyumbani. Riale nzima ina gramu 28.07. Katika kila sehemu 1,000, 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Fedha tupu inakuwa gramu 23.39. Soko la dunia huuza kwa wakia ya gramu 31.1, kwa hiyo riale moja ni robo tatu ya wakia, na chembe. Tazama bei ya wakia siku hiyo kwenye simu yako, zidisha kwa 0.75, kisha geuza kwa shilingi. Wakia ikiwa dola 30, fedha ya riale ni dola 22 na nusu. Anayekupa nusu ya hapo anakunyonya. Sonara huyu alikata sehemu moja ya kumi chini ya bei ya soko, akasema wazi kwamba hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa lazima aiyeyushe na kuisafisha. Mimi naona ni haki, ingawa kwa riale nyingi ningejaribu kumvuta kidogo.

Juu ya fedha ndipo panapokuja bei ya mkusanyaji, na hapo sonara hakujifanya mjuzi wa kila kitu. Alinionyesha herufi S.F. chini ya kifua cha yule mama. Ni za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg, kilichofungwa mwaka 1805. Watu husikia hivyo wakafurahi, lakini viwanda vya baadaye viliendelea kuzipiga herufi zilezile, kwa hiyo S.F. peke yake haithibitishi umri. Wanaojua hutazama lulu, namna kifungo kilivyochongwa, manyoya ya mkia wa tai, na umbo la herufi. Moja ya riale zetu ilikuwa na mchoro tofauti kidogo na nyingine zote, kifungo kimekaa vingine na mkia wa tai si sawa. Aliiweka kando juu ya kitambaa.

"Hini si ya kuyeyusha," akasema, "wala si mimi wa kukupa bei. Piga picha pande zote mbili na ukingo, umpelekee anayezijua."

Angeweza kuitia mzanini na kunilipa fedha yake, na nisingejua. Kwa ajili ya neno hilo moja ndipo nimeona niandike.

Riale zenye vitanzi zina habari yake. Kitanzi kimelehemiwa, na hata ukikiondoa alama inabaki, kwa hiyo mkusanyaji atakata bei au hataitaka kabisa. Lakini mkufu wa riale una wanunuzi wengine: mabibi harusi wa hapa na jamaa walioko Mombasa. Sonara aliupa mkufu bei ya mkufu, yaani fedha pamoja na kazi ya mkono, na ilizidi bei ya fedha peke yake. Nilipenda pia kwamba alipotaka kupima ubora wa fedha kwa jiwe jeusi na tindikali, alisugua kitanzi, hakuigusa sarafu.

Na moja yetu ilikuwa ya bandia. Kwa macho haikuwa na kasoro yoyote. Mzanini ilisoma gramu 25 na kitu. Ukingo ulikuwa na michirizi mitupu badala ya maandishi. Aliisimamisha juu ya ncha ya kidole, akaigonga kwa riale nyingine, ikatoa mlio mfupi uliokufa hapo hapo, ilhali riale ya kweli ukiigonga mlio wake unaendelea. Sumaku haikuivuta, maana bandia nyingi ni za shaba na nikeli, kwa hiyo msitegemee sumaku peke yake. Nimeibakisha kwa ajili ya kuwafundishia wadogo zangu.

Rupia alizipima haraka. Za Kihindi, zenye sura ya Malkia Victoria na waliomfuata hadi 1939, zina gramu 11.66, na fedha yake ni safi kuliko ya riale: sehemu 917 katika 1,000. Rupia mbili na kidogo ndiyo fedha ya riale moja. Katikati yake akaibuka na moja iliyomfanya avue miwani na kuivaa tena: mizani imechorwa, neno MOMBASA, mwaka 1888, na upande wa pili taji juu ya jua. Hiyo ni ya kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani hii kabla serikali yao haijachukua. Zilifuliwa chache, na kampuni yenyewe haikudumu. Uzito wake ni uleule wa rupia ya Kihindi, lakini mkusanyaji atalipa mara nyingi zaidi ya fedha iliyomo. Akaiweka kando pamoja na ile riale.

Nilimuuliza juu ya rupia za Wajerumani, kwa kuwa Wajerumani walikuwa hapa jirani Witu tangu 1885 hadi 1890, na posta yao ya Lamu ilidumu hadi 1891. Alisema humjia mara chache, zile zenye Kaisari aliyevaa kofia ya chuma na simba chini ya mnazi. Anayezipata asiziyeyushe. Na riale ya Sayyid Barghash wa Unguja, ya mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, haina sura ya mtu, imeandikwa Kiarabu tupu. Ni adimu sana. Ukikuta sarafu kubwa ya fedha yenye Kiarabu pande zote mbili, usiiuze kwa uzito hata ukiwa na shida.

Shilingi za simba ndizo zilizowavunja moyo ndugu zangu, nami naomba watu wazielewe. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921, yenye simba na milima nyuma yake, ina robo moja tu ya fedha: gramu 7.78 kwa jumla, fedha chini ya gramu 2. Kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Kwa hiyo mfuko mzima wa shilingi za simba unaweza usifikie riale chache. Anayekununulia zote kwa bei moja anachagua za kabla ya 1948 ukishaondoka.

Dosari zake nizitaje. Risiti yake ya kwanza iliandikwa "fedha" na kiasi cha pesa, basi. Nilimwomba aandike uzito wa kila kipande na akaandika bila kinyongo, lakini ilibidi nimwombe, na mgeni wa jambo hili asingejua kuomba. Katika mirathi karatasi hiyo ndiyo inayozuia ugomvi. Pili, pete na mikufu anayouza kabatini haina muhuri wa ubora. Anakuambia kwa mdomo kwamba hii ni ya riale na ile ameongeza fedha safi kuifikisha 925, nami namwamini, lakini anayenunua ili aje auze kesho anahitaji alama juu ya chuma. Tatu, ana kazi nyingi na kijana mmoja tu wa kumsaidia. Ukimpa kikuku cha kutengeneza uwe na subira, na ukumbushe.

Jambo la sheria alilieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Ndiyo maana mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni akitaka kununua riale kongwe apande nayo ndege aliambiwa apite Makumbusho ya Lamu kwanza. Riale iliyofuliwa London mwaka 1936 haimo katika hesabu hiyo, lakini imeandikwa 1780 kama nyingine, na wa kuitenganisha ni mjuzi, siyo askari wa forodha. Kama una ndugu ughaibuni anayekuomba umtumie za bibi, mweleze hilo mapema.

Sisi tuliuza shilingi za fedha na riale nne zilizochakaa sana. Mkufu umechukuliwa na mama yetu mdogo ndani ya fungu lake, kwa bei ambayo kila mmoja aliiona ikipatikana. Rupia ya Mombasa na ile riale yenye kifungo tofauti tumezitia kwenye kitambaa kikavu cha pamba, kila moja peke yake, na picha zimekwenda kwa mtu aliyeko Nairobi.

Duka hufunguliwa asubuhi hadi adhuhuri, kisha baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Ijumaa asubuhi usiende, hutamkuta. Kupima sarafu chache hatozi kitu. Kadi za benki hapokei. Taslimu na M-Pesa anapokea.